Mkono wa Shemeji

Nilikuwa nimeukunja mkono wa shemeji yangu mgongoni kwake. Panga lake lilikuwa limeanguka kwenye majani ya migomba, karibu na milamula, mimea ya kuonyesha mpaka wa shamba letu, aliyoing'oa asubuhi hiyo. Mume wangu Aristides hakuwa amemaliza hata mwezi kaburini.

"Utanivunja, shemeji."

Jasho lake lilidondokea kidole changu gumba. Chini ya kiganja nilisikia mfupa wa kiwiko ukisogea. Kusukuma kidogo tu kungetosha.

Miaka yote niliyofanya karate Bukoba mjini, mwalimu alirudia maneno yaleyale: "Cha kwanza ni kukimbia. Ukishindwa, shika. Ukishashika, ugomvi umekwisha. Kinachobaki ni hasira yako."

"Utatoka kibanjani kwangu, kwenye shamba hili?" nikamuuliza. "Niapie."

"Naapa kwa kaburi la ndugu yangu."

Nikamwachia.

Hakuitazama njia ya kwenda kwake. Aliinama, akapapasa kwenye majani, akaliokota panga.

Cha kwanza ni kukimbia. Niligeuka nikimbie. Mbele yangu palikuwa na kaburi la Aristides, na mlango wa jikoni ulio wazi, wanangu wakinywa uji.