Maziwa Yanapata Joto

Transfoma ilikuwa bado inafuka moshi Tunu alipofika kwenye kituo cha kupozea maziwa. Yeye ndiye aliyeichagua. Alikuwa amepima umeme kompresa za mitambo ya kupozea zikiwa zimeshakolea kazi, akasahau kwamba zinapowashwa zote kwa pamoja huvuta umeme mwingi mno, kuliko transfoma ile ilivyoweza kuhimili.

Wanawake walikaa juu ya madumu yao, maziwa ya mji mzima yakianza kupata joto.

“Haya, fundi wetu huyo,” mmoja alisema.

Aibu ilimpanda Tunu hadi masikioni. “Ni mimi. Nilipima vibaya.”

Mama Senorina, mwenye kituo, alichota kikombe cha maziwa akampa. “Kunywa, mwanangu, kabla hayajachacha.”

Tunu alikipokea kwa mikono miwili. Wanawake walimtazama waone kama atakunywa.