Kimya cha Brine

Kiti kilikuwa kigumu na kiuno kilikuwa kinamuuma. Glenys alipiga funda la chai iliyokwisha poa, akamsikiliza kijana mwenye kipaza sauti akimuuliza, mbele ya ukumbi uliojaa watu, lile lile aliloulizwa miaka nenda miaka rudi: kwa nini aliacha kupiga dramu katikati ya wimbo?

Bendi yao, Brine, haikudumu hata miaka miwili. Vijana wanne wa Sheffield, mji wa viwanda vya chuma huko Uingereza, walitoa santuri moja tu, wakagombana, kila mtu akashika njia yake. Lakini katika wimbo wa mwisho dramu zinakatika ghafla, magitaa nayo yanakufa, kinabaki kimya kirefu mpaka dramu zinaporudi kwa kishindo. Kimya hicho kikapata jina kuliko bendi yenyewe. Bendi changa zilikiiga. Maprofesa waliandika kwamba yalikuwa maombolezo ya viwanda vya chuma vilivyokuwa vikifungwa. Clive, mwimbaji wao, aliwaitikia wote, na akamsihi Glenys asimwaibishe kwa kusema vingine. Glenys, aliyekuwa akifungasha biskuti kiwandani zamu ya usiku na kupiga dramu mchana, hakuwa na nguvu za kubishana naye.

Sasa Clive alikuwa kaburini tangu Machi. Glenys alikuja pale ukumbini ameazimia kusema ukweli, kisha arudi zake nyumbani avue viatu.

Kabla hajafungua kinywa, mwanamke mmoja alisimama safu ya nyuma. Alisema anaitwa Shona. Akasimulia, bila chozi, jinsi alivyomuuguza mumewe mpaka akamfia mikononi, na jinsi usingizi ulivyomkataa baada ya mazishi. Alijaribu dawa, alijaribu pombe. Ndipo siku moja akauweka wimbo ule.

"Kimya kilipofika, nikalala," alisema. "Sijui mlikuwa mnamlilia nani, Bi Glenys. Nimekuja kukushukuru tu."

Kijana aliteremsha kipaza sauti chake. Glenys alimtazama yule mwanamke, macho yake yaliyoingia ndani, mabega yaliyolegea, na kwa mara ya kwanza alasiri ile hakuona haraka ya kuondoka.

"Hatukuwa tunamlilia mtu, mwanangu," alisema taratibu. "Asubuhi ile ya kurekodi nilitoka kiwandani nikaja studio moja kwa moja. Hata mimi nililala pale pale, vijiti mkononi."