Kikopo Namba Saba

“Mikono hii haijawahi kupoteza sampuli hata moja!” fundi wa maabara aliwatangazia watu wa jikoni, akiinua trei juu ya vidole vitano kama mhudumu wa hoteli kubwa. “Miaka sita! Leteni mizigo yenu bila aibu.”

Hakuna aliyecheka. Wodi ya watoto ilikuwa na wagonjwa kumi na mmoja wa homa ya matumbo, na hakuna hata mmoja aliyelazwa kwa ugonjwa huo. Waliingia na pumu, majeraha ya moto, mifupa iliyovunjika. Homa waliikuta humo humo ndani. Asubuhi hiyo mvulana wa mguu uliovunjika alikuwa ametolewa wodini akiwa amefunikwa shuka mpaka usoni. Utumbo ulitoboka. Plasta ya mguuni bado ilikuwa na michoro ya wenzake.

Daktari aliamuru kila anayegusa sufuria atoe choo kipimwe kabla ya saa sita. Asiyetoa, asirudi jikoni.

Mpishi mkuu, mama mnene aliyewalea wote kwa uji na maneno makali, alileta kikopo chake mwisho. Namba saba.

“Nipimeni tu. Lakini uji wangu unatokota nusu saa nzima. Mdudu gani huyo anayeoga kwenye moto?”

“Labda ana ngozi kama yako, mama.”

“Koma! Ningekuzaa mimi ungekuwa na adabu.” Kisha akashusha sauti. “Mwanangu, kishike vizuri. Miaka ishirini na mbili niko hapa. Nikitolewa kwa jambo hili, hata jirani hatapokea maji ya kunywa kwangu.”

“Kwa mikono hii? Nenda kapike, mama.”

Fundi alichelewa kidogo kufika maabara. Kwenye korido mama wa usafi alikuwa anadeki upya mahali alipokwisha kudeki, akinung’unika kuhusu watu wanaotembea kama wamefumba macho. Bosi wa maabara aliuliza mtu wake alikuwa wapi.

“Chooni. Tumbo langu lina saa yake, bosi. Ikifika saa tano limefika. Na tangu nizaliwe halijaniuma hata siku moja.”

Aliweka trei mezani. Vikopo saba, vyote vimejaa, vyote vina namba.

Saa kumi, kama kila siku, akapeleka papai wodini. Mpapai ulikuwa nyuma ya nyumba yake, naye hakuwa mchoyo. Alipita kitanda kwa kitanda akiwalisha watoto kwa mkono wake mwenyewe, vipande vikimteleza vidoleni, huku akiiga mwendo wa daktari. Hata wenye homa walitabasamu. Walimwita Mjomba Papai.

Majibu yalitoka siku ya nne. Vikopo sita, safi. Namba saba kilijaa bakteria wa homa ya matumbo.

“Si lazima mtu aumwe,” daktari alieleza mbele ya wote. “Bakteria hawa wanaweza kukaa kwenye nyongo miaka na miaka. Mwenyewe anakula, anacheka, na anawagawia wenzake.”

“Hicho si changu,” mpishi alisema.

“Kila mtu husema hivyo, mama.”

Mpishi alimgeukia fundi. “Mwanangu, hebu waambie. Labda mmechanganya.”

Kwa mara ya kwanza fundi hakuwa na la kuchekesha. Alitazama viganja vyake.

“Hatujawahi kuchanganya,” alisema.

Wakampa mpishi dawa. Walipompima tena katikati ya dozi alikutwa msafi, wakasema mnaona, dawa imefanya kazi. Kisha wakamfukuza. Getini alimkuta mama wa yule mvulana. Hakumtukana. Alimuuliza tu, “Mwanangu alikukosea nini?”

Wodini walikufa wengine wawili. Waliobaki wakapona, na baada ya hapo homa mpya haikutokea tena. Kama kuna aliyekuwa na shaka juu ya mpishi, sasa iliisha.

Fundi alikonda. Alinawa mikono mpaka ngozi ikapasuka. Alimeza vidonge asubuhi na jioni. Vya mgongo, alisema. Watoto walipoulizia papai aliwaambia mti umekauka.

Lakini wiki ya sita utani wake ulikuwa umeanza kurudi. Ndiyo wiki aliyorudi mama wa usafi, aliyeondoka jioni ile ile ya vipimo kwenda kumuuguza dada yake. Alimkuta mpishi mgeni jikoni, akaja moja kwa moja maabara na ndoo yake.

“Mwenzangu yuko wapi?”

Fundi aliegemea mlango akamsimulia yote: daktari, nyongo, yule mama getini. Ndani, daktari na bosi wa maabara walikuwa wanajaza fomu.

“Inaniuma na mimi, shangazi,” alimalizia. “Lakini makosa hayapo. Kikopo namba saba nilikitoa mkononi mwake nikakifikisha kwa bosi. Mikono hii unaijua.”

Mama wa usafi aliweka ndoo chini.

“Namba saba?”

“Saba.”

“Cha namba saba nilikizoa mimi, mwanangu, kimepasuka hapa hapa unaposimama, na kifuniko chake chenye namba nikakitupa kwa mkono wangu. Naenda kumwaga maji, nakuona unatoka chooni na kingine.”

Ndani, kalamu mbili zilisimama.

“Sasa hicho ulichompa bosi kilikuwa cha nani?”