Ganda Lisilo na Mbegu

Simu ililia, Dufie akaikata. Namba ngeni. Asubuhi ile hakuwa na maneno ya kumpa mtu isipokuwa matusi, na hayo alikuwa anamwekea mtu mmoja tu.

Mtu mwenyewe alikuwa kwenye kioo cha simu hiyohiyo, anacheka meno yote nje: Ekow Baidoo-Otu, mbunifu mkubwa wa Accra, begani ametupia kitambaa kipya. Kitambaani, maganda kumi ya kakao yaliyopasuliwa, yamepangwa mstari mmoja, na mstari huo unajirudia kutoka pindo hadi pindo. Chini yake ameandika kwamba hiyo ni kazi ya mikono yake, na kwamba yadi elfu arobaini zimeshaingia madukani.

Mikono yake. Dufie alitazama vidole vyake mwenyewe, vilivyochora maganda yale mwezi mzima, akatamani kuvitia kwenye macho ya mtu.

Miaka mitatu alikuwa anajitafutia watu mtandaoni. Alimpongeza kila aliyepata kazi, akampa pole kila aliyefiwa, akasifu hata michoro iliyomuumiza macho, ili siku moja naye ajulikane kuwa mbunifu. Akapata marafiki wa kazi elfu nne. Mkubwa wao akawa huyu Ekow, aliyemwandikia, "Dada mdogo, nitumie ule mchoro mzima nikuonyeshe kwa wenye kiwanda." Akautuma.

Sasa Ekow amemzuia kumwandikia, ujumbe haupiti. Wale wengine aliowalilia tangu alfajiri, mmoja alimtumia picha ya mikono inayosali, mwingine akamshauri asijiharibie soko. Waliobaki walikuwa wanampigia Ekow makofi.

"Elfu nne," alisema mama yake, Maame Pomaa, akigeuza koose kwenye mafuta, zile bajia za kunde anazowauzia watu wa mtaani kwao Bantama. "Na hakuna hata mmoja aliyewahi kuonja koose yangu. Hao ni watu, au ni namba tu?"

Dufie aliendelea kusoma kwenye simu. Alikuwa amefika mahali Ekow anapoeleza maana ya kitambaa. Ganda la kwanza halina mbegu, aliandika bwana yule, kwa sababu ndiyo roho yetu iliyoporwa. Dufie alisoma neno hilo, iliyoporwa, mara mbili, kisha akalisoma kwa sauti.

Maame Pomaa akacheka kwa uchungu. "Huyo hajapasua kakao maisha yake. Mimi nimekulea kwa kakao kule Tepa. Ganda moja lina mbegu thelathini, arobaini. Wewe ukaweka mbili, nne, saba, na la kwanza hukutia hata moja. Nikakwambia ni uvivu."

"Na mimi nikakwambia ni fumbo, maame."

"Haya. Na nani amelifumbua?"

Hapo ndipo palipomchoma hasa. Mwizi alikuwa amelibeba fumbo lake jinsi lilivyo, bila hata kusogeza mbegu moja, na watu elfu nne walikuwa wanapiga makofi bila kulitazama.

Simu ikalia tena. Namba ileile. Akaikata. Ikalia mara ya tatu, na sasa Dufie alikuwa na hakika: ni mtu wa Ekow, ametumwa kuja kumbembeleza anyamaze. Akapokea amesimama, mkono kiunoni.

"Kamwambie aliyekutuma," alisema, "hata anilipe dhahabu, sinyamazi."

"Sijatumwa na mtu, mwanangu," ilijibu sauti ya mwanamke mzima, nyuma yake kelele za soko. "Mimi ni muuza vitambaa hapa Kejetia. Kabla sijatia mkasi huhesabu michoro, nisije nikampunja mteja. Sasa hiki cha yule bwana wa Accra kimenishangaza. Ganda la kwanza tupu, la pili mbegu mbili, la tatu nne. Nikahesabu mpaka la kumi, nikasema, hebu namba hizo nizibonyeze kwenye simu nione nani ataitika."