Nyumba ya Mpimaji

Sheria haikuwa na mjadala: anayepima chuma cha kuning'inizia nyumba juu ya bonde la mvuke, familia yake ndiyo hutangulia kuhamia. Nyamvula, mpimaji, alikipitisha mwenyewe. Alikivuta polepole kikiwa chekundu kwa moto, kikavumilia, na familia yake ikahamia. Leo, kwa udadisi tu, alivuta kipande chake kingine, chekundu vilevile, kwa ghafla. Kikakatika kama muhogo.

Alikimbia nyumbani, mvuke wa adhuhuri ukizidi kupanda na kukipasha moto chuma kilichoining'iniza nyumba yao. Mlangoni akaanza kunyata.

"Baba Mbeyu," alimnong'oneza mumewe, "mchukue mtoto mtoke taratibu. Msikimbie, tafadhali."

"Kwani kuna nini?"

Kabla hajajibu, Mbeyu alichungulia kutoka chumbani, akamwona mama yake, akacheka, akaja mbio kumrukia kama kila siku.