Fisi wa Darajani

Kila alasiri, baada ya kufunga genge lake la nyanya, Mwajabu aliingia kwenye banda la gemu na kukaa kiti cha ukutani. Wenzake walipigana na mazimwi na simba huku wakipiga kelele. Yeye alimwendesha shujaa wake hadi kwenye daraja la mawe, ambako fisi mwenye sikio lililopasuka alikuwa akimngoja. Siku ya kwanza alimtupia nyama badala ya kumkata kwa upanga, na tangu hapo fisi alipomwona alikuja mbio akitikisa mkia. Hapakuwa na mwingine mjini aliyefurahi hivyo kumwona.

"Dada, bado uko darajani?" Hamduni, mwenye banda, alicheka. "Wenzio wameshafika kwa mfalme wa mazimwi! Lete nikuvushe."

"Hapana, kaka, niache tu..."

Sauti yake ilimezwa na kelele. Hamduni alikuwa ameshamtoa rimoti mkononi. Upanga wa shujaa ulishuka mara mbili. Fisi hakukimbia, alidhani analetewa nyama.

"Kafa huyo! Na gemu imeshajihifadhi, harudi tena kukusumbua."

"Ahsante," alisema Mwajabu, akipokea rimoti.

Njia ya ng'ambo ilikuwa wazi. Mwajabu alifungua mkoba wa shujaa wake, akatoa kipande cha nyama, akakiweka juu ya mawe. Kisha akamkalisha shujaa pembeni ya nyama hiyo, akaondoa vidole kwenye vitufe.