Kisima cha Tatu

Tangu vita vianze, hakuna makala ya utafiti iliyochapishwa bila kupitiwa kwanza na msomaji wa siri, naye sharti awe mtu anayelala nyumba moja na mwandishi. Dokta Salha, mtafiti wa maji, aliishi na mumewe Badru na mama mkwe wake, Bi Mize. Basi msomaji alikuwa mmoja wao. Yupi, hakuambiwa.

Makala yake ya visima vya mji ilirudishwa na maoni haya: "Kuna kisima mwandishi amekificha."

Kweli alikificha. Kisima kile ndicho kilichobaki kuwanywesha watu wa mtaa mzima, na jarida likishatoka, hata adui hulisoma. Salha akaapa kumnasa huyo msomaji. Alimnong'oneza Badru kisima cha uongo, nyuma ya kiwanda cha ngozi. Bi Mize naye akatajiwa kingine cha uongo, cha stesheni. Kisha akatuma makala upya.

Majibu yalifika asubuhi, wakinywa chai. "Vilivyofichwa ni vitatu: cha kiwandani, cha stesheni, na cha chini ya madrasa."

Kumbe wamekaa kikao! Lakini akakirudisha kikombe mezani, maana cha madrasa ndicho cha kweli, na hakuwahi kumtajia mtu.

"Mbona hunywi chai, mwanangu?" aliuliza Bi Mize.

"Mwache, mama, amechoka," alisema Badru, akimsogezea mkewe sukari. "Siku hizi anaongea usingizini. Na ukimuuliza, anajibu."